Mashauri ya Afya: Jeraha Limepona, Mkono Haushiki

Hakuna kazi katika nchi ya Taita na Taveta isiyoutegemea mkono. Mkulima wa Wundanyi na Mgange hulima matuta ya mlimani kwa jembe. Mkulima wa Taveta huangusha mikungu ya ndizi kwa panga. Mkata mkonge wa Mwatate na Voi huinama tangu alfajiri akikata majani yenye miiba. Naye karani aliye mjini Voi hushika kalamu au hubonyeza herufi za mashine mchana kutwa. Watu hawa wakiulizwa nguvu ya mkono hutoka wapi, wengi watajibu kwamba hutoka katika misuli na mifupa. Jibu hilo ni sawa, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili haionekani kwa macho, na watu wengi hawaitambui mpaka siku wanapoipoteza.

Na ufikiriwe mfano wa mkulima anayefyeka kichaka ukingoni mwa shamba lake. Panga linateleza na kumkata upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usawa wa kidole cha mwisho. Damu inazuiwa, jeraha linaoshwa na kushonwa, na baada ya wiki tatu ngozi imefunga vizuri. Jirani zake wanampa pole na kusema kwamba amepona. Lakini akirudi shambani, mpini wa jembe unamzungukia kiganjani. Kifungo cha shati kinamshinda. Kikombe cha chai kinamponyoka mbele ya wageni. Vidole viwili vya mwisho vimeanza kujikunja kama kucha za ndege, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada inapungua kila mwezi. Hapo ndipo maneno huanza: huyu husema amerogwa, yule husema anakwepa kazi. Hakurogwa, wala hakwepi kazi. Siku ile panga lilikata kitu kingine zaidi ya ngozi, na hapana aliyekitazama.

Mishipa ya namna tatu

Neno "mshipa" limewakosesha watu wengi, maana katika Kiswahili vitu vitatu mbalimbali huitwa kwa jina hilo. Kuna mshipa wa damu, nao ni kama bomba. Kuna ukano, nao ni kama kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa; msuli ukijivuta, ukano huvuta kidole. Tena kuna mshipa wa fahamu, nao si bomba wala si kamba ya kuvutia, bali ni njia ya kupelekea habari. Mtu akisema kwamba mshipa wake umekatika, hana budi kuulizwa ni upi, kwa kuwa tiba ya mmoja si tiba ya mwingine.

Mshipa wa fahamu una rangi nyeupe. Ndani yake, kama katika kamba ya katani, mna nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu zilizofungwa pamoja katika ala. Nyuzi nyingine huchukua amri za ubongo kupitia uti wa mgongo hata kwenye misuli. Nyingine hurudisha habari za joto, baridi, maumivu, mkwaruzo na utelezi. Mshipa ukikatika, mambo mawili hupotea pamoja: kidole hakipati amri, na ubongo haupati habari za kidole.

Mishipa mikubwa mitatu ya fahamu hutoka shingoni, hupita kwapani, na kufika mkononi. Kila mmoja una kazi yake.

Wa kwanza huuzunguka mfupa wa juu wa mkono kwa nyuma, kisha hushuka upande wa kidole gumba. Huu ndio unaoamuru misuli ya kuinua kifundo cha mkono na kunyosha vidole. Ukiumia, kiganja huning'inia kama jani lililonyauka. Mtu aweza kudhani kwamba jambo hilo halihusu kushika, kwa kuwa misuli ya kufumba ngumi ni mizima. Basi na ajaribu mwenyewe: akunje kifundo cha mkono kabisa kuelekea ndani, kisha akaze ngumi. Ataona nguvu imemtoka. Mkono hukamata barabara wakati kifundo kimeinuka kidogo. Asiyeweza kukiinua hawezi kuushika mpini sawasawa.

Wa pili hupita katikati ya kifundo cha mkono, katika njia nyembamba pamoja na kano tisa. Hutia hisia upande wa kiganja katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Tena hukiwezesha kidole gumba kukabiliana na wenzake. Huu ni mshipa wa kalamu, wa sindano na wa kuhesabu sarafu. Ukikatika kwenye kifundo, mtu aweza bado kubeba ndoo kwa vidole vilivyokunjwa, lakini kuokota punje ya mahindi bila kuitazama kutamshinda.

Wa tatu hupita nyuma ya kiwiko, mahali pale ambapo mtu akijigonga husikia kama amepigwa na umeme. Hutia hisia katika kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na kuamuru sehemu kubwa ya misuli midogo iliyo ndani ya kiganja. Watu hukidharau kidole cha mwisho kwa udogo wake, lakini vidole viwili vya upande huo ndivyo vinavyoufunga mpini usizunguke. Mkulima wa mfano ule alikatwa mshipa huu wa tatu.

Kupima kwa gazeti

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mfaransa aitwaye Jules Froment alieleza njia rahisi ya kuupima mshipa wa tatu. Vita hiyo ndiyo iliyofika hata Taveta, ikaleta mapigano ya kilima cha Salaita mwezi wa Februari 1916. Huko Ulaya risasi na vipande vya mizinga vilikata mishipa ya fahamu ya askari wengi, na waganga wakajifunza mengi katika msiba huo. Chombo alichokitumia Froment kilikuwa gazeti.

Mtu hushika gazeti lililokunjwa kwa mikono miwili. Kila mkono hubana ukingo wake kati ya kidole gumba kilichonyoka na ubavu wa kidole cha shahada, kisha mikono huvuta kila mmoja upande wake. Mkono mzima hubana gumba likiwa limenyoka. Katika mkono ulioumia, gumba hukunja kiungo chake cha mbele, kwa maana msuli wa kubana umekosa amri, na msuli mwingine wenye mshipa mzima unajitahidi kushika zamu yake. Msomaji aweza kulifanya jaribio hilo sasa hivi kwa gazeti hili alilolishika.

Mkono usiohisi

Kupungua kwa nguvu huonekana upesi. Kupotea kwa hisia hujificha, nako huharibu kazi vilevile. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Umeå katika nchi ya Sweden, Roland Johansson na Göran Westling, walieleza majaribio yao juu ya watu wenye afya waliopewa vitu vya kuinua kwa ncha za vidole, vingine vyenye kukwaruza na vingine vyenye utelezi. Vidole vilipotiwa ganzi, misuli ilibaki mizima, lakini watu hawakuweza tena kulinganisha nguvu ya vidole na utelezi wa kitu kama ilivyo desturi.

Sababu yake ni hii. Kitu kinapoanza kuteleza kidogo tu, ngozi ya kidole hupeleka habari, na vidole hukaza kwa muda ulio chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kabla mtu mwenyewe hajatambua. Asiyehisi hukosa habari hiyo. Basi ama huangusha kitu, ama hukikamata kwa nguvu kupita kiasi mpaka mpini umtoe malengelenge, naye hasikii maumivu yoyote.

Hasara ya kukosa maumivu yaonekana wazi kabisa katika ugonjwa wa ukoma. Mwaka 1873 daktari Armauer Hansen wa Norway alivumbua vijidudu vya ugonjwa huo. Vijidudu hivyo hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na kwa hiyo hushambulia mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, kama ule unaopita nyuma ya kiwiko. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore katika nchi ya India mwaka 1946, alionyesha pamoja na wenzake kwamba vidole vingi viliharibika kwa moto, kwa mikato na kwa vidonda ambavyo mgonjwa hakuvihisi. Aliwahi kumwona mtoto mgonjwa akigeuza kwa nguvu ufunguo wa kufuli lenye kutu mpaka ukamkata hata mfupani, bila mtoto kujua.

Brand aliwapasua wagonjwa wengi mikono, akahamisha kano za misuli iliyo mizima zikafanye kazi ya misuli iliyopooza. Hata leo upasuaji wa namna hiyo huwasaidia watu ambao mishipa yao ilikatwa na chuma ikashindwa kupona. Ukoma nao umepata dawa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza utumiwe mchanganyiko wa dawa, ambao humezwa kwa miezi sita au kumi na miwili na hutolewa bila malipo. Wagonjwa wamepungua sana, lakini Kenya bado hupata wapya, baadhi yao katika Pwani. Dawa huua vijidudu, wala haifufui mshipa uliokwisha kufa zamani. Kwa hiyo mwenye baka la ngozi lisilowasha wala kuhisi mguso asilifiche kwa haya. Aende akapimwe mapema, vidole vyake vikali vizima.

Sababu nyingine

Si panga na ukoma tu. Mwenye kulala usingizi mzito huku mkono umening'inia juu ya mgongo wa kiti aweza kuamka kiganja kimeanguka, kwa kuwa mshipa wa kwanza umebanwa juu ya mfupa. Waganga waliupa ugonjwa huo jina la kupooza kwa usiku wa Jumamosi, kwa sababu ya wale waliolala wamelewa mwisho wa juma. Mara nyingi hupona baada ya wiki au miezi kadhaa. Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika, mshipa uo huo waweza kuumia.

Mtu anayeamka usiku na ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, akikung'uta mkono apate nafuu, huenda mshipa wake wa pili unabanwa katika ile njia nyembamba ya kifundo. Makarani, wafumaji na wanawake wajawazito huijua hali hiyo. Gango linalonyosha kifundo wakati wa kulala huwafaa wengi. Wengine huhitaji upasuaji mdogo. Ugonjwa wa kisukari pia huharibu mishipa ya fahamu, mara nyingi ukianza miguuni. Mitambo ya kutoboa mwamba, kama ile itumiwayo na wachimbaji wa vito, hutetemesha mikono, na mtetemo wa miaka mingi hutia vidole ganzi. Tena kuna ajali za pikipiki: mpanda bodaboda akiangukia bega, shingo ikavutwa upande wa pili, mishipa yote mitatu yaweza kunyofoka katika chanzo chake, mkono mzima ukaning'inia.

Mshipa una saa yake

Mwaka 1943 daktari mpasuaji Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa madhara ya mishipa ya fahamu katika madaraja matatu. Katika la kwanza mshipa umebanwa ukanyamaza, lakini nyuzi zake ni nzima. Huamka wenyewe baada ya siku au wiki. Katika la pili nyuzi za ndani zimekatika, lakini ala imebaki. Nyuzi hukua tena zikifuata njia ya zamani. Katika la tatu mshipa wote umekatika, na ncha zake mbili zimeachana. Huu hauwezi kuungana vema wenyewe. Sharti mpasuaji auunge kwa uzi mwembamba mno.

Nyuzi zikikua, hukua kwa kiasi cha milimeta moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi misuli ya kiganja ni karibu sentimeta 30, yaani milimeta 300. Basi uzi uliokatwa kiwikoni unahitaji siku 300, ambazo ni miezi kumi, kufika kwenye msuli wake. Wakati huo wote msuli unakaa bila amri na kuendelea kunyauka. Ukikaa hivyo mwaka mmoja na nusu hivi, ni nadra kuamka tena, hata nyuzi zikiufikia. Kwa hiyo mtu aliyekatwa kiwikoni, akakaa nyumbani miezi minane akingoja ganzi imtoke, akishonwa mshipa baada ya hapo nyuzi zitaufikia msuli katika mwezi wa kumi na nane, wakati umekwisha kuzeeka kwa njaa ya amri. Mwenzake aliyeshonwa katika siku za kwanza atakuwa amekwisha kurudi shambani. Kilichowatofautisha si dawa, ni kalenda.

Yafaayo kutendwa

Kwanza, jeraha linalotoa damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na mkono uinuliwe juu. Damu nyingi huzuilika kwa njia hiyo. Kufunga kamba nyembamba kwa nguvu na kuiacha saa nyingi kwaweza kuua mishipa ambayo panga liliiacha. Majivu, udongo na samadi visitiwe katika jeraha. Majeruhi aulizie pia sindano ya kukinga pepopunda.

Pili, kabla jeraha halijatiwa dawa ya ganzi na kushonwa, mkono upimwe. Majeruhi afumbe macho, kisha mtu amguse taratibu ncha ya kidole cha mwisho, ncha ya kidole cha shahada, na ngozi ya nyuma ya mkono iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Hapo mishipa mitatu yote imeulizwa habari. Kisha ainue kifundo cha mkono, agusishe gumba na kidole cha mwisho, na atawanye vidole vyote. Panapokosekana hisia au mwendo, amwambie daktari kwa maneno ya wazi: "Kidole hiki hakihisi, kile hakiendi." Hilo si ukosefu wa adabu, bali ni msaada kwa daktari.

Tatu, asichelewe. Katika kaunti mna hospitali ya rufaa ya Moi mjini Voi, hospitali ya Wesu huko Wundanyi, na hospitali nyingine Taveta na Mwatate. Ikihitajika kazi ya mpasuaji wa mishipa, daktari huandika barua ya kumpeleka mgonjwa Mombasa au Nairobi. Gharama ya safari huumiza, lakini mkono uliokufa huigharimu nyumba kila siku.

Nne, wakati mshipa unakua, viungo vya vidole vikunjwe na kunyoshwa kila siku kwa msaada wa mkono mzima, kama mtaalamu atakavyoagiza, visije vikakakamaa. Mkono usiohisi usishike sufuria bila kitambaa, wala usijaribie maji ya moto. Mpini ufungwe nguo uwe mnene na laini. Kila jioni mwenye mkono huo autazame mbele na nyuma kutafuta malengelenge na mikato, maana macho yake sasa ndiyo ngozi yake.

Tano, aliyeumia kazini, iwe katika mkonge, gereji au ofisi, aitoe habari na kuona imeandikwa siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya ajali kazini yamtaka mwajiri apeleke taarifa katika siku saba tangu apate habari. Udhaifu wa mshipa huweza kujulikana baada ya ngozi kufunga, na aliyenyamaza siku ya kwanza hupata taabu kueleza mwezi wa tatu kwamba vidole vyake vilivyokunjika vilitokana na mkato ule uliopuuzwa.

Jeraha la ngozi hujitangaza kwa damu na maumivu, na jirani wote huliona. Jeraha la mshipa halitoi damu yake wala halilii. Kwa kweli alama yake kubwa ni kwamba hapaumi. Kwa hiyo anayefika kumpa pole mtu aliyekatwa mkono asiridhike kulisifu kovu. Amguse ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, na kumwuliza: "Je, wahisi hapa?" Jibu likiwa hapana, pole iishie hapo, na safari ya hospitali ianze.